Kumi Wasio na Leseni

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa kioo wa Klabu ya Tondar, uwanja wa mbio za pikipiki, na ilikuwa na mihuri miwili. Punguzo la kikundi, ilisema: watu kumi na kuendelea, theluthi ya bei inaondolewa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizojipanga kama siafu, iliongeza kwamba kila mwanakikundi aandike namba ya leseni yake ya pikipiki.

Mojgan aliisoma mara tatu. Mkononi alikuwa na orodha ya majina kumi, na yote kumi yalikuwa ya wanawake. Mwaka ule mwanamke wa nchi hii aliweza kurusha ndege, kupasua tumbo la mgonjwa, kufundisha chuo kikuu na kuzaa watoto sita, lakini leseni ya pikipiki hakupewa. Barabarani alikuwa mkosaji. Uwanjani, ndani ya uzio, alikuwa mteja.

Akasukuma mlango.

Mhandisi Farzam hakuwa mhandisi, ila kwetu kila mwenye kiti cha ngozi huitwa mhandisi, na mwenye viti viwili huitwa daktari. Alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Dada yangu Mojgan! Umetuletea nuru. Chai?"

"Usijisumbue, Mhandisi."

"Usumbufu gani? Nyumbani kwako hapa."

Chai ikaja, na vidonge vya sukari, na Mojgan akaiacha ipoe.

"Nimekuja kwa ajili ya lile punguzo," alisema. "Tuko kumi. Ijumaa hii."

"Kumi! Mashallah. Na leseni?"

"Mhandisi, wewe unajua."

"Mimi najua, dada yangu. Bima ndiyo haijui."

"Bima mnatukata kila tukija. Imo ndani ya ile ada ya milioni moja na laki mbili."

"Ile ni ya mtu mmoja mmoja. Kikundi ni kitu kingine."

"Kikundi ni nini, basi, kama si watu kumi? Si wewe uliyesema zamu ya wanawake haifunguliwi mpaka tutimie kumi?"

"Ya kufungua lango, ndiyo, kumi."

"Na ya kupunguziwa?"

"Ya kupunguziwa, nyinyi ni mmoja mmoja." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nikwambie ukweli wa biashara, usinune. Watu wa benki wanakuja ishirini na wawili. Wanakula hapa, wananunua matairi hapa, mpiga picha wao wanamlipa hapahapa. Nikiwaondolea theluthi, bado wananiachia kitu. Nyinyi mnakuja kumi na pikipiki nne, na chai mnabeba kwenye chupa kutoka nyumbani!"

Akacheka. Mojgan naye akacheka kidogo, maana ilikuwa kweli. Pikipiki zilikuwa nne. Wanawake kumi walizipokezana kama mtoto mchanga anavyopokezwa arusini, na kila mmoja huona kamshika kwa muda mfupi mno.

"Mara hii moja tu," alisema. Maneno yaliyofuata hakuyapanga. "Kwangu ndiyo ya mwisho, Mhandisi. Naiuza pikipiki yangu. Mnunuzi anakuja Jumamosi."

Mhandisi akaacha kucheka. Akaweka tena mkono kifuani, na macho yake, Mungu shahidi, yakalegea kwa huruma.

"Basi tunazungumzia pesa za nini? Uwanja wote ni wenu. Pishkesh! Njooni kumi wote, bure."

Mtoto wa mji huu, hata akiwa wa miaka mitano, anajua neno hilo lina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Muuza mkate husema pishkesh, zawadi yako, chukua. Dereva wa teksi husema hivyo, na daktari wa meno, na mchimba kaburi. Mwenye adabu hukataa mara tatu, kisha hulipa. Anayelipokea hana malezi. Ulimi wa Mojgan ulijua njia hiyo kuliko alivyoijua yeye mwenyewe, na ulishaanza safari kabla hajaushika.

"Hapana, Mhandisi, haiwezekani."

"Kwa nini isiwezekane? Haina thamani mbele yenu."

"Ukarimu wako mkubwa. Lakini tutalipa."

"Kwa roho ya marehemu baba yangu!"

"Tutalipa, Mhandisi. Usituaibishe."

"Haya," alisema Mhandisi, "kwa kuwa umesisitiza." Na mashine ya kadi ilikuwa mezani kabla sentensi haijaisha. "Bei kamili, sio?"

Mojgan alilipa fungu lake tu. Mtandao ulikuwa mzito, mashine ikatafuna ile milioni moja na laki mbili taratibu, mpaka ikatoa ulimi wake wa karatasi. Alipofika nje alisimama karibu na karatasi ya mlangoni, na ndipo alipoelewa kwamba alikuwa amepewa alichokuja kuomba, na zaidi, na amekirudisha kwa mikono yake miwili.

* * *

Nyumba yao ilikuwa Javadieh, upande wa reli, chumba kimoja na nusu juu ya fundi wa redieta. Qodrat, mumewe, alilala kwenye godoro mguu umefungwa vyuma. Alikuwa akipeleka vyakula kwa pikipiki ndogo mpaka siku gari jeupe lilipogeuka bila taa. Kampuni ilisema yeye si mfanyakazi, ni mshirika. Mshirika, ndiyo! Mshirika wa mvua na wa magari meupe. Haji Mosayyeb, mwenye nyumba, naye alikuja na chungwa mkononi kumjulia hali mgonjwa, akala nusu ya chungwa, akasema fedha ya rehani, ile amana mpangaji anayomwekea mwenye nyumba, lazima ipande kwa milioni mia na ishirini kabla mwezi haujaisha, wala asionekane mbaya, soko ndilo lililosema.

Pikipiki kubwa, ile nyekundu ya Mojgan, ingeleta milioni mia na thelathini.

"Umelipa bei kamili?" aliuliza Qodrat.

"Ya kwangu tu."

"Na wenzako?"

"Watatu watapata. Sita hawana."

"Kwa hiyo umelipa, na lango halifunguliwi."

"Nilikuwa na aibu, Qodrat. Alisema pishkesh."

Qodrat akatazama dari. "Kumi kwenye kulipa, mmoja mmoja kwenye kupunguziwa. Hesabu hii wanafundishwa shule gani? Mimi nilikuwa napeleka kebabu kwa hao wa benki. Wakiagiza sahani ishirini, usafiri bure. Mama mjane akiagiza sahani moja, analipa usafiri wake na wa kwao."

"Mwenzetu Rokhsar anasema kheri pasiwe na punguzo kabisa. Bei moja, ya chini, kwa kila mtu."

"Rokhsar muuguzi. Anajua dawa."

Bi Afagh, mama yake Qodrat, alikuwa chini sakafuni anachambua mboga za majani, kotmiri upande huu, vitunguu majani upande ule. Alikuwa na miaka sabini na miwili na hakuwahi kusikika akiuliza juu ya pikipiki ila bei ya mafuta.

"Alikusisitizia pishkesh yake mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tatu, mama."

"Mbele ya nani?"

"Tulikuwa wawili tu."

"Ah." Akarudi kwenye kotmiri. "Wawili tu haisaidii kitu, mkamwana. Baba yangu alilisema neno hilo mara moja maishani, mbele za watu, tukahama."

Hakuongeza, na hakuna aliyemwuliza, maana Haji Mosayyeb alisikika akikohoa ngazini.

Mojgan alikaa kwenye cherehani. Alikuwa akishona mifuniko ya viti vya pikipiki kwa ajili ya duka moja la mtaa wa Gomrok, ngozi bandia, uzi mwekundu. Mguu wa kulia ulikanyaga kibao cha cherehani. Mguu wa kushoto, ndani ya kandambili, haukuwa na kazi yoyote. Nao ulipanda na kushuka, ukapanda, ukapanda tena. Qodrat aliuona. Alijua mkewe yuko gia ya ngapi, na alijua kona gani iko mbele yake: ile ya tatu, ambapo pikipiki hulala mpaka goti likaribie lami, na ukiinuka milima yote ya theluji inasimama mbele yako ghafla, kana kwamba mtu amevuta pazia.

Qodrat hakuwahi kuiona kona hiyo. Alisimuliwa mara moja, miaka mitatu nyuma, na siku ile mkewe alipoona amesema mengi alikwenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

"Nenda tu Ijumaa," alisema Qodrat. "Hata kama ni kukaa nayo garini."

* * *

Pikipiki za wanawake huenda uwanjani zikiwa zimebebwa, kama bibi harusi au kama maiti. Walikodi pikapu, Nisani ya buluu, dereva akafunga zile nne kwa kamba, na Bi Afagh, ambaye hakuna aliyemwalika, akapanda mbele na chupa ya chai, jibini, mkate na mboga zake kwenye kitambaa.

"Mama, kuna baridi huko," alisema Mojgan.

"Nimeishi huko kabla yako, mwanangu. Baridi yake inanijua."

Uwanja ulishajaa. Watu wa benki walikuwa na makoti ya aina moja, nembo mgongoni, na mpiga picha wao alikuwa akiwapanga warefu nyuma. Wanawake kumi walisimama kando ya Nisani. Helmeti zao hazikufanana. Mbili zilikuwa za kiume, zimejazwa sponji. Suti za ngozi zilikuwa tano. Kila mmoja alikuwa akihesabu: waliolipa wanne, wasiolipa sita, lango kumi.

Mhandisi Farzam aliwaona, na kwa kuwa mpiga picha alikuwa karibu, akaja na mikono miwili imefunguka.

"Dada zangu! Fahari ya klabu! Mabwana, njooni muone mashujaa wetu!"

Wale wa benki wakasogea. Mpiga picha akainua kamera. Rokhsar muuguzi, ambaye alikuwa ametoka zamu bila kulala na hakuwa na subira ya kuazima, akasema kwa sauti:

"Mhandisi, mashujaa wanne wamelipa. Sita hawana hela. Tunaomba ile theluthi mnayowapa hawa mabwana, basi."

Mhandisi alitazama kamera, akatazama makoti ishirini na mawili, akacheka, mkono ukapanda kifuani.

"Theluthi? Mnaniaibisha mbele ya wageni! Nani amewadai pesa hapa? Uwanja ni wenu. Pishkesh!"

Ulimi wa Mojgan ulikwisha kunyanyuka. "Hapana, Mhandisi, haiwe—"

Mkono mkavu wenye harufu ya kotmiri ukamshika kifundo cha mkono.

"Tumekubali," alisema Bi Afagh.

Mhandisi akaendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilibaki mahali pake kama duka lililoachwa wazi mwenyewe akiwa ametoka.

"Bibi ana utani mtamu," alisema.

"Sina utani, mwanangu. Umesema ni wetu. Tumekubali, asante, Mungu akuzidishie. Wasichana, shusheni pikipiki."

"Bibi, hii ni… wewe unajua. Ni maneno ya heshima."

"Maneno ya heshima nayajua vizuri sana." Alikuwa mfupi, ikabidi ainue kidevu kumtazama. "Baba yangu alikuwa na shamba la matikiti upande huuhuu. Labda ni hapa mnapoegesha magari, labda ni kule kwenye mabohari, sijui tena, mforsadi wetu mmeukata. Akaja mhandisi mmoja, suruali ina mstari wa pasi. Akakaa, akala tikiti letu, akasema, 'Mashhadi, shamba lako zuri.' Baba akajibu kama mtu aliyelelewa: pishkesh, ni lako. Mhandisi akatoa karatasi mfukoni. Na mashahidi wawili walikuwa pale, midomo yao bado ina tikiti letu. Baba akaona aibu kurudisha neno. Tukaondoka na magodoro juu ya punda." Akafunga vizuri chadori chini ya kidevu. "Siku ile ndiyo nilijua kumbe neno lile hupokewa. Sasa wewe umelisema, na mashahidi hapa ni ishirini na wawili, na kamera."

Mzee mmoja wa benki, masharubu meupe, alianza kucheka, kisha akapiga makofi. "Farzam! Leo umeshikwa, kaka! Lipa!"

Wengine wakacheka kwa sababu mkubwa wao amecheka. Hivyo ndivyo watu wa benki wanavyocheka. Tusiwape sifa ya zaidi.

Masikio ya Mhandisi yalikuwa mekundu. "Dakika ishirini," alisema. "Mabwana wakienda kula. Dakika ishirini, na si sekunde moja zaidi."

Waliolipa wanne hawakurudishiwa chochote. Hilo liandikwe pia.

* * *

Dakika ishirini, pikipiki nne, wanawake kumi. Rokhsar alipiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino: mizunguko miwili kila mtu, na kupokezana kuwe kwa mbio. Ile nyekundu ikapangiwa watu watatu, na Mojgan, kwa kuwa ni yake, akajiweka wa mwisho. Ilikuwa adabu tena. Hakuna aliyemshika mkono safari hii.

Alisimama ukutani akiisikia ikizunguka chini ya watu wengine. Wa kwanza aliibana sana. Wa pili alikuwa akiogopa kona ya tatu, injini ikasikika ikishusha pumzi mapema. Mojgan alivaa glavu, akavua, akavaa.

Ikamfikia ikiwa ya moto. Akapanda, akafunga kioo cha helmeti.

Mzunguko wa kwanza hakuuona. Mwili uliuchukua wote, haukumbakishia kitu. Alijua tu kwamba kona ya kwanza imepita, ya pili imepita, na kwenye ya tatu alisikia ngozi ya goti ikigusa lami, mguso mwepesi kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Akainuka, milima ikasimama. Akafungua mafuta yote kwenye sehemu iliyonyooka, na kwa sekunde kumi na moja hapakuwa na Haji Mosayyeb duniani, wala soko, wala vyuma vya Qodrat, na alikuwa akisema kitu ndani ya helmeti, hakujua anasema nini.

Alipoingia mzunguko wa pili, bendera nyekundu ilikuwa ikipepea. Mabwana walimaliza kula mapema.

Ukiiona bendera nyekundu unapunguza mwendo na kurudi, hilo hufundishwa siku ya kwanza, na Mojgan alikuwa mwendeshaji. Alipunguza. Lakini uwanja ni duara, na hakuna njia ya kurudi ila kuumaliza. Kwa hiyo aliuzunguka wote kwa gia ya pili, polepole kama mtu anayetembeza farasi, na ule ndio mzunguko alioubeba. Aliona ufa kwenye lami ambao kila mara ulikuwa ukimtikisa bila kuujua sura. Aliona magugu ya kando, na plastiki imenasa kwenye waya. Kwenye kona ya tatu alikaa wima, akaangalia milima kwa muda aliotaka, akitaja kila theluji na kila bonde kimoyomoyo. Na alipotokea upande wa maegesho alimwona mama mkwe wake peke yake kando ya uzio, ameinama, anatembea hatua mbili na kusimama, hatua mbili na kusimama, akipima kitu kwa macho kati ya nguzo za taa na mlima. Kisha akachuchumaa, akachuma majani ya porini, akayatia kwenye pindo la chadori.

Nyuma, injini ishirini na mbili zikawaka kwa pamoja.

* * *

Mnunuzi alikuja Jumamosi saa tano asubuhi, kijana mpole wa Karaj, na baba yake. Asubuhi hiyohiyo Rokhsar alikuwa ametuma picha ya karatasi mpya kwenye mlango wa kioo, yenye mihuri mitatu: Punguzo la kikundi ni kwa wenye leseni pekee. Zamu ya wanawake imesimamishwa mpaka litakapotolewa tangazo lingine. Maneno ya ukarimu ya uongozi hayahesabiwi kuwa mkataba. Qodrat alisoma kwa sauti, akacheka mpaka mguu ukamuuma, kisha akalia kidogo, akasema ni mguu.

Uani kijana aliizunguka pikipiki, akaigonga tairi, akauliza ilivyotunzwa. Mojgan akajibu. Kisha baba mtu, mtu wa heshima, akaweka mkono kifuani.

"Basi tufike kwenye bei, binti yangu. Tukupe ngapi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa lile neno. Baba alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa kulisubiri, na jibu lake lilikuwa tayari mdomoni. Juu dirishani Bi Afagh aliacha kukung'uta kitambaa.

"Mia na thelathini," alisema Mojgan.

Hakuongeza kitu. Mzee alikaa kichwa kimeinama akingoja kilichobaki, na alipoona hakiji akakohoa, akatazama mtoto wake, akatoa kadi.

Kijana akaisukuma mpaka nje, maana ndani ya ua aliona haya kuiwasha. Mojgan hakumfuata. Alipanda juu, akakaa kwenye cherehani, akaweka ngozi chini ya sindano. Dirisha lilikuwa wazi. Injini ikawaka, ikanguruma, ikaondoka: gia ya kwanza, ya pili, na mwanzoni mwa barabara ya reli kijana akatia ya tatu, mapema mno, ikalalamika.

"Bado," alisema Mojgan.

Chini ya meza mguu wa kushoto ulikuwa umekwisha kushusha gia, ukangoja, na sauti ilipokuwa nyembamba kule darajani, ukapandisha.